Pima presha ya ekzosi kabla hujaongeza busti

Mtu akiniletea gari la turbo la kutyuni, yaani kuliongezea nguvu, swali lake la kwanza huwa ni busti, presha ya hewa ambayo turbo inasukumia injini: tufike bar ngapi? Swali langu la kwanza ni la upande wa pili wa turbo. Moshi unaoisukuma turbini, lile gurudumu la turbo linalozungushwa na moshi, umejibana kwa presha gani? Hapo mazungumzo hupoa, kwa sababu karibu kila gari la turbo la mpenda mbio lina geji ya busti kwenye dashibodi, tena yenye taa ya bluu, na geji ya ekzosi, yaani ya presha ya moshi huo, hakuna. Ni sawa na kuhesabu mauzo ya duka bila kuhesabu gharama.

Na gharama ipo. Turbini haizunguki kwa hisani ya moshi. Inazunguka kwa sababu moshi umebanwa kati yake na valvu, na anayeubana ni pistoni, kwa nguvu zilezile unazotaka zifike kwenye magurudumu. Presha ya hapo ikizidi ya busti, pistoni inatoa jasho kusukuma moshi kuliko msaada inaoupata hewa ya busti inapoingia. Hesabu yake si ngumu: tofauti ya presha, mara ujazo wa injini, mara nusu ya mizunguko kwa sekunde. Kwa injini ya lita 2 inayokwenda mizunguko 6,000 kwa dakika, kila bar 1 ya tofauti inakula kilowati 10, yaani farasi 13 na ushei. Farasi hao umewalipia mafuta na hutawaona kwenye daino, mashine ya kupimia nguvu za gari.

Kisha kuna joto, na hili ndilo linaloua injini za petroli. Mwisho wa kutoa moshi na mwanzo wa kuvuta hewa kuna muda mfupi ambapo valvu za kuingiza na za kutoa ziko wazi kwa pamoja. Ekzosi ikiwa juu ya busti, moshi haumalizi kutoka. Mwingine unabaki ndani, mwingine unarudi mpaka kwenye njia ya hewa. Silinda inapata hewa kidogo kuliko kompyuta ya injini inavyodhani, na hicho kidogo kimeshapashwa moto kabla hakijabanwa. Petroli inaanza kujilipukia, injini inagonga, fundi anarudisha taimingi nyuma, yaani anachelewesha cheche ya plagi. Taimingi ikirudi nyuma, mwako unachelewa, moshi unatoka ukiwa wa moto zaidi, na moshi wa moto zaidi unajibana zaidi mbele ya turbini. Umerudi ulikoanzia, na hali mbaya zaidi. Katikati ya mduara huo nimeona watu wakibadilisha plagi, wakibadilisha petroli, wakilaumu intakula inayopoza hewa ya busti, na hakuna aliyewahi kuchomeka kipimo kwenye manifoldi, bomba linalokusanya moshi wa silinda zote.

Mahali pa kutoboa

Sehemu za kupima ni mbili. Ya kwanza ni kabla ya turbini, ndani ya manifoldi ya ekzosi. Ya pili ni baada ya turbini, kabla ya kataliti, lile sega la kusafishia moshi. Nitaanza na ya kwanza kwa kuwa ndiyo yenye kazi.

Kwenye manifoldi, tundu liwe pale njia za silinda zote zinapokutana, karibu na flanji, uso bapa wa kufungia turbo. Ukitoboa kwenye njia ya silinda moja utapima mapigo ya silinda hiyo peke yake. Epuka pia upande wa nje wa kona, mahali moshi unapogonga ukuta. Hapo unapima presha pamoja na kishindo cha kasi ya moshi, na namba inapanda bila sababu. Tundu liingie moja kwa moja kwenye ukuta, si mshazari, na ndani kusiwe na ncha ya mrija inayochungulia kwenye njia ya moshi. Bomba la kwenda westigeti, ule mlango unaopitisha moshi pembeni ya turbini busti ikitosha, silipendi: mlango ukiwa umefungwa linasema kweli, ukifunguka moshi unakimbia pale na kipimo kinasoma chini. Turbo zenye njia mbili za moshi, ambazo silinda 1 na 4 zina njia yao na 2 na 3 zina yao, zinataka tundu kwa kila njia. Zikitofautiana sana, hapo pana jambo jingine la kutafuta kabla ya kutyuni.

Kuna njia ya kukwepa kutoboa kabisa. Injini nyingi, hasa za dizeli, zina njia ya kurudisha moshi kwenye hewa, ile inayoitwa EGR, na kwa mfumo wa kawaida njia hiyo inachukua moshi kabla ya turbini. Tengeneza kipande cha chuma chenye umbo la gasketi ya pale, kinene cha kutosha kubeba hesi, kitoboe ubavuni, kifunge kati ya flanji mbili. Umepata tundu bila kugusa manifoldi. Tena baadhi ya dizeli zimetoka kiwandani na sensa ya presha kabla ya turbini. Chomeka mashine ya kusomea kompyuta utazame kwanza, usije ukatoboa kutafuta kitu ambacho gari linakuonyesha tayari.

Ikibidi kutoboa, manifoldi ivuliwe. Najua boliti zake zilivyo, zimeshikwa na kutu na joto, na moja lazima ikatike. Lakini turbini inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikiwa kazini, na chenga ya chuma inayoingia kwenye mapanga yake hapo haina msamaha. Wapo wanaotoboa injini ikiwa inaunguruma ili moshi usukume chenga nje, na wapo wanaopaka grisi kwenye ncha ya drili. Mimi sitoboi manifoldi iliyofungwa kwenye gari, na gari la mteja ndiyo kabisa.

Hesi ninayotumia ni NPT 1/8, aina ya hesi ya mabomba. Drili ya milimita 8.5, kisha kikata hesi. Hesi ya namna hii ni ya mchongoko, kwa hiyo ukizamisha kikata hesi chote tundu litakuwa pana na adapta ya kuungia mrija itazama mpaka shingoni bila kubana. Kata kidogo, jaribu adapta, kata tena. Manifoldi ya chuma cha kusubu hutobolewa kavu. Ya chuma kisichoshika kutu inataka drili kali, mwendo wa polepole, mafuta na mkono mzito. Drili ikisugua bila kukata, chuma kile kinakuwa kigumu palepale na utaunguza drili nyingine tatu. Manifoldi ya mabomba membamba haina nyama ya kubeba hesi. Hapo chomelea kitako chenye hesi, usijaribu kubahatisha.

Adapta inayoingia kwenye manifoldi iwe ya chuma. Za shaba ya njano zinauzwa kila mahali na zinafunga vizuri, lakini moshi wa injini ya petroli ikikanyagwa mpaka mwisho unafika nyuzi 900 za Selsiasi na kuendelea, na shaba ya njano huyeyuka kwenye jirani hiyohiyo. Tepu nyeupe ya mafundi bomba nayo ibaki kwenye mabomba ya maji. Inaharibika kuanzia kama nyuzi 260. Paka grisi ya nikeli ya kuzuia kukwama, kaza, basi.

Mrija na sensa

Sensa ya presha ya kawaida haivumilii joto zaidi ya nyuzi 105 hadi 125 hivi, kwa hiyo kazi ya mrija ni kuleta presha bila kuleta joto. Ndani yake moshi hautembei, umesimama tu, ndiyo maana mrija hupoa haraka kuliko mtu anavyotarajia. Mimi hutumia mrija wa chuma kisichoshika kutu wa milimita 6 kwa nje, urefu wa nusu mita hadi mita 1. Mrija wa breki wa chuma pia unafaa kwa majaribio. Wa shaba nyekundu ni rahisi kukunja lakini unachoshwa na mtikisiko, unapasuka pale kwenye nati, na kwa kawaida unapasuka gari likiwa na mzigo.

Kunja mizunguko miwili ya springi karibu na manifoldi. Mimi nauzungushia kwenye soketi ya 32, unatoka mviringo safi usiobonyea. Springi hiyo si pambo: injini inacheza juu ya mipira yake na sensa imefungwa kwenye bodi, kwa hiyo lazima kuwe na kitu cha kunyumbuka katikati. Mwisho wa mrija weka kipande kifupi cha hosi ya silikoni, kisha sensa. Baada ya kukanyaga mara ya kwanza, simamisha gari, gusa ule mwisho wa mrija. Kama unaweza kuushika kwa vidole, silikoni na sensa vitaishi. Kama huwezi, ongeza urefu.

Sensa iwe juu kuliko tundu, na mrija uteremke moja kwa moja bila tumbo. Lita 1 ya petroli ikiungua inatoa maji yanayokaribia lita 1, na maji hayo, yenye asidi kidogo, yatajikusanya popote patakapopoa. Ukiacha bonde kwenye mrija, maji yatakaa hapo na grafu yako itachelewa, halafu asubuhi utakuta sensa imekufa kimyakimya.

Jambo la mapigo. Injini ya silinda 4 kwenye mizunguko 6,000 inatupa mapigo 200 ya moshi kila sekunde. Kompyuta inayorekodi mara 20 au 50 kwa sekunde itayadaka bila mpangilio, na grafu itakuwa msitu wa miiba ambao kila mtu atausoma anavyotaka. Mrija mrefu mwembamba unalainisha sehemu kubwa. Ikibaki miiba, weka chombo kidogo cha chuma katikati. Kichujio kipya cha mafuta cha chuma, kisichowahi kupita petroli, kinafanya kazi hiyo vizuri sana. Kwa petroli unaweza pia kuweka kizibo chenye kitundu cha milimita 1. Kwa dizeli usiweke, masizi yatakiziba kabla hujamaliza.

Sensa ichague kwa hesabu. Ukilenga busti ya bar 1.5, ekzosi inaweza kwenda bar 3 na zaidi, kwa hiyo sensa ya busti ya bar 3 kamili, ambayo juu ya presha ya hewa inasoma bar 2 tu, itagonga dari na kukudanganya kwamba mambo yametulia. Chukua ya bar 7, au psi 100. Nyingi za aina hiyo hutoa volti 0.5 kwenye sifuri na 4.5 kwenye psi 100, kwa hiyo kila volti 1 ni psi 25. Ukisoma volti 2.1, toa 0.5, zidisha kwa 25: psi 40, karibu bar 2.8. Iandike hesabu hiyo kwenye programu kisha ihakiki kwa pampu ya mkono yenye geji kabla ya kuiamini.

Kabla ya kuwasha injini, washa swichi tu utazame. Sensa ya presha kamili, inayohesabu na presha ya hewa ya nje, lazima isome sawa na sensa ya busti, kama kPa 100 ukiwa usawa wa bahari, kama kPa 85 ukiwa mita 1,500 juu. Sensa ya geji, isiyohesabu hewa ya nje, lazima isome sifuri. Zikipishana sasa hivi, zitapishana na ukiwa na mzigo, na utatafuta ugonjwa usiokuwepo.

Waya ndio uingie ndani ya gari, si hosi. Hili sina mzaha nalo. Geji ya mshale iliyofungwa kwenye dashibodi, ikiletewa moshi kwa hosi, ni njia ya kuleta gesi ya kaboni monoksidi miguuni mwa dereva siku nati itakapolegea. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Geji ya mshale itumie boneti ikiwa wazi, gari limesimama, na milango ya gereji iko wazi.

Kukanyaga na kurekodi

Kwanza jaza hewa kwenye njia ya busti utafute mavujo, maana hosi inayovuja inailazimisha turbo ifanye kazi zaidi kwa busti ileile, na ekzosi inapanda kwa kosa lisilo lake. Kisha weka busti ya chini kabisa ambayo springi ya westigeti inaweza kushika, na taimingi ya tahadhari.

Rekodi mizunguko, busti, ekzosi, pedali, asilimia ya amri ya westigeti, mchanganyiko wa hewa na mafuta, taimingi, joto la hewa na kugonga. Bora iwe kwenye daino. Kama ni barabarani, iwe pasipo na watu wala magari, na anayeendesha asiwe anayetazama kompyuta. Gia ya 3 au ya 4, kanyaga mpaka mwisho kutoka mizunguko 2,000 hadi karibu na kikomo. Acha ipoe, rudia. Grafu mbili zisizofanana ni dalili ya mrija au hosi, si ya injini.

Sasa namba. Kuna ugomvi mwingi usio na maana hapa kwa sababu wawili wanaobishana wanatumia vipimo tofauti. Busti bar 1.2 na ekzosi bar 2.4, zote za geji, ni uwiano wa 2. Zigeuze kuwa presha kamili kwa kuongeza bar 1 kila moja, zinakuwa 2.2 na 3.4, uwiano wa 1.55. Injini ni ileile. Mimi hutumia geji kwa mazungumzo ya gereji na kamili kwa hesabu, na sikubali namba ya mtu mpaka aniambie ni ipi.

Kwa geji, turbo ndogo ya kiwandani kuona ekzosi mara 2 ya busti karibu na kikomo cha mizunguko si ajabu. Ilichaguliwa iamke mapema, na hiyo ndiyo bei yake. Turbo iliyolingana vizuri na injini nategemea ikae kwenye 1.3 hadi 1.5. Turbo kubwa yenye njia nzuri ya moshi inaweza kushuka mpaka 1 au chini yake, na hapo injini inabadilika tabia: inakubali taimingi zaidi, inataka mafuta zaidi, kwa kuwa silinda sasa zinajaa kweli. Ukikutana na hali hiyo usishangae jedwali lako la mafuta la zamani likiwa limekosea.

Lakini uwiano mmoja kwenye kilele haunitoshi. Natazama mwendo wa mistari miwili. Chukua injini inayoshika busti ya bar 1.2 bila kuyumba: kwenye mizunguko 3,000 ekzosi ni 1.3, kwenye 4,500 ni 1.8, kwenye 5,500 ni 2.4, kwenye 6,500 ni 3.0. Geji ya busti inakuambia kila kitu ni shwari. Mstari wa ekzosi unakuambia turbini imejaa kuanzia 5,000 na kila mzunguko wa ziada unanunuliwa kwa bei mbaya.

Jaribio ninaloliamini kuliko yote ni la hatua ndogo. Ongeza busti kwa bar 0.1, usiguse kitu kingine, rekodi tena, linganisha kwenye mizunguko ileile. Ekzosi ikipanda kwa 0.1 au 0.15, endelea. Ikipanda kwa 0.3 kwa kila 0.1 ya busti, simama. Unaweza kuona daino ikiongeza farasi 3 au 4 na ukashawishika. Tazama joto la moshi na taimingi ilivyorudishwa, utajua farasi hao wametoka wapi.

Busti ikishuka karibu na kikomo, ekzosi ndiyo inayotofautisha magonjwa. Zikishuka zote mbili kwa pamoja, moshi unatoroka bila kupita kwenye turbini: mlango wa westigeti umesukumwa ukafunguka, au manifoldi ina ufa, au gasketi imekwisha. Westigeti ya ndani ya turbo inasukumwa kufunguka na presha ileile ya ekzosi, kwa hiyo springi dhaifu hushindwa juu hata amri ikiwa asilimia 100. Busti ikishuka huku ekzosi ikipanda, mlango umefungwa sawasawa. Turbo yenyewe imefika mwisho wa uwezo. Springi ngumu kwenye ugonjwa huu wa pili ni kuongeza moto tu.

Na valvu za kutolea moshi. Ekzosi inasukuma mgongo wa valvu ili ifunguke wakati silinda inavuta hewa. Valvu ya kipenyo cha milimita 30 ina eneo la sentimita za mraba 7 hivi. Ekzosi ikizidi presha ya silinda kwa bar 2, hiyo ni nyutoni 141, kama kilo 14 zinazoshindana na springi. Springi mpya ngumu haijali. Springi iliyochoka ya injini iliyokwishazunguka sana inajali, na utasikia injini ikikohoa juu ukadhani ni plagi.

Baada ya turbini

Hapa tundu ni rahisi: chomelea kitako cha sensa ya oksijeni, hesi ya M18 × 1.5, sentimita kadhaa chini ya turbo, kabla ya kataliti. Usitoe sensa ya oksijeni ya mbele kuazima tundu lake wakati wa kukanyaga, utakuwa unaendesha bila kujua mchanganyiko. Mrija ni uleule, sensa ibadilike. Kosa la asilimia 1 la sensa ya psi 100 ni psi 1 nzima, na hapa unatafuta namba za psi 2 au 3, kwa hiyo tumia sensa ya bar 1 au 2.

Mafundi wengi wanalidharau tundu hili kwa sababu namba zake ni ndogo. Mimi naliheshimu kwa hesabu moja. Turbini inafanya kazi kwa uwiano wa presha kamili ya mbele na ya nyuma yake. Tuseme kazi inayotakiwa inahitaji uwiano wa 2.6. Nyuma kukiwa na kPa 130, mbele lazima pawe na 338. Punguza nyuma iwe 110, mbele panashuka mpaka 286. Umeondoa kPa 20 kwenye bomba la nyuma ukapata kPa 52 kwenye manifoldi, bila kununua turbo. Ndiyo maana kabla ya kuzungumzia nyumba kubwa ya turbini, yaani ganda lake, nataka kujua bomba, kataliti na sailensa vinasemaje. Bomba safi linanipa chini ya psi 2 kwenye nguvu zote. Nikiona psi 5 au 6 najua pa kuanzia.

Kwa kataliti inayoshukiwa kuziba, huna haja ya daino. Kanuni ya gereji: injini ikiunguruma bila kukanyagwa presha isizidi psi 1.25, na ikishikiliwa kwenye mizunguko 2,500 isizidi psi 3. Ikizidi, sega limeyeyuka au limevunjika ndani.

Njia ya nyuma ikiwa safi na bado mbele kumebana, rekebisha taimingi iliyorudishwa mno, kwa kuwa inapeleka joto kwenye ekzosi badala ya kwenye pistoni. Ikishindikana ndipo nyumba ya turbini ibadilishwe, tuseme A/R, namba ya ukubwa wa njia ya moshi ndani ya nyumba hiyo, kutoka 0.63 iwe 0.82. Busti itachelewa kuja. Mwambie mwenye gari mapema, kwa maneno hayohayo, maana anayetumia gari kwenye foleni hatafurahia farasi wanaofika kwenye mizunguko 4,500.

Dizeli

Dizeli haigongi kama petroli, na ekzosi kuwa juu ya busti kwenye mwendo wa kawaida si kosa. Kiwanda kinataka hivyo ili moshi wa EGR upate kusukumwa kuingia kwenye hewa. Kazi yako ni kwenye turbo za mapanga yanayojifunga na kufunguka kuongoza moshi unaoingia kwenye turbini. Kufunga mapanga kunaleta busti haraka na kila mtyunaji mgeni anaipenda hiyo. Shikilia mzigo na mizunguko mahali pamoja kwenye daino, fungua mapanga asilimia 2 kwa wakati. Busti isiposhuka lakini ekzosi ikashuka, fungua tena. Acha pale busti inapoanza kudai. Jaza jedwali lote la mapanga kwa mtindo huo, seli moja baada ya nyingine. Ni kazi ya kuchosha na hakuna njia ya mkato ninayoiamini.

Masizi yataziba mrija wa dizeli. Dalili yake ni mstari wa ekzosi unaoanza kuwa laini kupita kiasi na kuchelewa nyuma ya busti. Fungua upande wa sensa, puliza hewa ya kompresa kuelekea manifoldi injini ikiwa imezimwa, funga tena. Usipulize kuelekea sensa.

Ukimaliza na hutaki kuacha sensa humo, toa adapta wakati manifoldi imepoa kabisa, weka kizibo cha chuma chenye grisi ya nikeli, endesha mpaka injini ipate moto, iache ipoe, kaza tena kidogo. Tundu liache hapo hapo. Mwenye gari atarudi akitaka busti zaidi.